Siti ya Kumpakia Mama

Mama yangu hakuwahi kumtazama mume wangu usoni. Kwetu Busia, upande wa Kenya, mama mkwe na mkwe waliishi kwa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa kukaa mbali. Mume wangu akiingia uani, Mama alivuta leso kichwani na kushika njia ya jikoni. Wakikutana barabarani, mume wangu alizima pikipiki, akashuka, akaelekeza uso kwenye mihogo ya watu mpaka Mama apite. Hawakula pamoja wala kupeana mkono. Mmoja akiwa na neno kwa mwenzake, neno hilo lilipitia kwangu, hata kama sote tulikuwa tunasikiana vizuri.

"Mwambie mkwe kuna maziwa," Mama alisema kutoka nyuma ya mlango.

"Mwambie Mama ahsante," mume wangu alijibu, akiwa ameupa mlango mgongo.

Hakukuwa na haja ya mimi kurudia. Nilimimina maziwa.

Niliolewa Tororo miaka michache baada ya uhuru. Mume wangu alikuwa bwana shamba, mtu wa Kirewa huko huko Tororo, na kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wakulima wa pamba akiwafundisha kupanda kwa mstari na kupiga dawa. Tulipanga nyumba ya bati njiani kuelekea Rubongi. Kutoka mlangoni niliuona ule mwamba mkubwa wa mji, na wageni wote waliotutembelea waliusifu. Mimi nikiutazama nilijua tu kwamba siko nyumbani. Majirani walizungumza Kidhopadhola, lugha niliyoanza kuisikia nikiwa mtu mzima, na iliniingia polepole. Mimi na mume wangu tulizungumza Kiswahili, mimi cha shule ya Kenya, yeye cha sokoni upande wa Uganda. Alisema "mtoto yangu" na "nyumba yetu iko kubwa," nami nikacheka mwanzoni, kisha nikaacha kucheka, na baada ya muda nikajikuta nasema hivyo hivyo.

Kilichonikosesha raha ni kwamba hakuna aliyeniita kwa Kisamia. Unaweza kuishi vizuri, ukala, ukavaa, ukapendwa, na bado jioni ikiingia ukatamani mtu mmoja tu akutume maji kwa lugha ya kwenu. Mama alikuwa akiuza samaki wakavu katika soko la Busia, na harufu ile ilikuwa kwenye leso zake, kwenye mikono yake, hata kwenye nywele zangu nilipokuwa msichana. Nilipokuwa msichana niliionea haya. Kule Tororo nilikuwa nikipita kwa wauza samaki bila nia ya kununua.

Kila mwisho wa mwezi tulikwenda Busia kwa pikipiki. Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza, nzito, mume wangu aliinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Ilikuwa na tandiko moja la dereva, la springi, na nyuma yake keria ya chuma. Mimi nilikaa kwenye keria hiyo juu ya gunia lililokunjwa, mtoto mgongoni, mikono kiunoni mwa mume wangu. Barabara ilikuwa ya murram, changarawe nyekundu, yenye mawimbi kama ubao wa kufulia, na nilipofika kwa Mama nilikuwa nashuka kama mgonjwa. Hata hivyo nilihesabu wiki mpaka safari nyingine. Mpaka wenyewe siku hizo ulikuwa jambo dogo. Askari aliketi kivulini, alimwuliza mume wangu habari za pamba, tukapita.

Kisha macho ya Mama yakaanza kuingia ukungu.

Mwanzoni alisema ni moshi wa kukausha samaki. Halafu nikaona anawashika samaki kwa vidole kabla ya kutaja bei, na siku moja alinisalimu kwa jina la dada yangu mpaka nilipoongea. Hospitali ya Tororo ilikuwa ikitembelewa na daktari wa macho, naye alisema mgonjwa aletwe, apasuliwe jicho moja kwanza, kisha awe anarudi kuangaliwa. Mama alikubali hospitali. Alichokataa ni basi. Alikuwa amepanda basi mara moja maishani, kwenda kwenye mazishi, na moshi wa dizeli ulimtapisha njia nzima mbele ya wakwe wa watu. Aliapa hatapanda tena.

"Nitatembea," alisema.

Mtu asiyeona shimo mbele ya mguu wake, atembee kutoka Busia mpaka Tororo.

Niliporudi nilimweleza mume wangu. Alikuwa ameketi kizingitini akivua viatu, matope ya mashamba ya Kwapa yamemfika magotini. Alivua kiatu kimoja, akasema, "Mimi nakwenda leta yeye na pikipiki."

Nilidhani ananitania. Nilimwuliza Mama atakaa wapi, kwenye keria? Atashika nini, kiuno chako?

Hakucheka. Alifikiri akiwa ameshika kiatu mkononi. "Basi tutafute siti ingine," alisema. "Hii yangu yenyewe imeniua mgongo."

Hilo lilikuwa kweli. Springi ya upande wa kushoto ilikuwa imevunjika zamani, na alikuwa akiendesha ameinama upande mmoja kama mtu anayetegea sikio maneno ya jirani. Usiku nilimkanda kwa mafuta ya moto. Tulikuwa tumezungumza habari ya siti mpya kwa muda mrefu, lakini ilikuwa mazungumzo ya kitandani tu. Sasa ikawa shughuli.

Kwanza ilibidi kupata ruhusa. Nilikwenda Busia peke yangu, nikaketi na Mama na shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu mila za nyumba yetu. Nilieleza. Shangazi alisikiliza huku akichambua mtama.

"Mkwe ambebe mama mkwe wake mgongoni," alisema.

"Si mgongoni, Shangazi. Ni siti ya nyuma."

"Watagusana?"

"Hawatagusana."

"Unajuaje?"

Shangazi aliendelea kuchambua. Mwishowe alisema kwamba macho ni macho, na mila haikuwekwa ili mtu awe kipofu. Ila kuwe na kitu kati yao, kitu cha kuonekana, si hewa. Mama akae upande, miguu pamoja, kama anavyokaa mwanamke. Na asimshike mkwe hata pikipiki ikiruka.

Mama alikuwa ameuelekeza uso mlangoni penye mwanga. Halafu aliuliza kwa sauti ndogo, "Hiyo siti ina mahali pa kushika?"

Hapo nikajua anataka kuja.

Palikuwa na fundi mmoja Tororo, Kalasinga, mwenye karakana ya kushona makochi na viti vya magari. Ukutani alikuwa ametundika siti za pikipiki, mpya na kuukuu za kushonwa upya. Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Fundi aliisukuma pikipiki yetu mpaka kivulini, akaliminya tandiko la mume wangu kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa huruma kama daktari.

Ya kwanza aliyotushushia ilikuwa siti ndefu, moja kwa watu wawili, imetoka ng'ambo. Ilikuwa nyeusi, ina mshono mweupe pembeni, na ndani yake sponji. Mume wangu aliipenda kabla hata haijafungwa. Vijana wa Kampala walikuwa nazo za namna ile. Fundi aliifunga kwa muda na spana, akasema, "Enda, rudi. Siti iko kama kiatu. Lazima nyinyi wenyewe vaa."

Tulienda nayo mpaka karibu na kambi ya askari kule Rubongi. Sijawahi kukaa mahali laini vile juu ya chombo chochote. Barabara ilikuwa ile ile, lakini mashimo yalifika kwangu yakiwa yamechoka. Na kwa kuwa siti ilikuwa moja na imeinama kidogo mbele, kila tulipoteremka niliteleza polepole mpaka kifua changu kikakutana na mgongo wa mume wangu na kidevu changu kikafika begani kwake. Nilikuwa sijamkaribia hivyo mchana, hadharani, tangu anioe. Mtoto tulikuwa tumemwacha kwa jirani. Upepo ulikuwa ukileta harufu ya sabuni yake na ya dawa ya pamba isiyotoka kamwe kwenye mashati yake. Yeye naye alikuwa akiendesha polepole kuliko kawaida.

Tuliporudi fundi aliuliza, "Namna gani?"

"Nzuri sana," mume wangu alisema.

Mimi nilikuwa nimeshuka, nimesimama nikiiangalia ile siti. Nilimfikiria Mama akiteleza kwenye mteremko wa daraja la njia ya Busia, hana cha kushika, na mkwe mbele yake.

"Tuonyeshe nyingine," nilisema.

Ya pili alikuwa ameijaza sufi mwenyewe. Nilipoikalia ilizama, ikabaki imezama, na fundi mwenyewe alikiri kwamba mvua ikiinyeshea inakuwa mabonge. Ya tatu ilikuwa mbili: tandiko pana la springi kwa dereva, na nyuma yake siti ndogo ya peke yake, iliyoinuka, imejazwa katani chini na sponji juu. Kati ya tandiko na siti palikuwa na chuma kilichopinda, cheupe, cha abiria kushika. Nyuma kulikuwa na kiegemeo kifupi.

Tulirudi tena njia ya Rubongi. Nilikaa upande, miguu pamoja, nikashika chuma. Springi zililia kidogo. Tulipita kwenye mashimo, tukateremka, mume wangu akafunga breki ghafla kwa makusudi ili kunijaribu. Sikusogea. Upepo ulipita kati yangu na yeye.

"Hii," nilisema tuliposimama.

Mume wangu aligeuka. "Lakini ile ndefu umependa. Nimeona."

"Nimeipenda."

"Basi?"

"Hii ndiyo Mama ataweza kuikalia."

Alitazama siti ile ndefu iliyokuwa imelazwa juu ya benchi, akatazama ile iliyo juu ya pikipiki. Alipanda tena tandiko lake peke yake, akajitikisa juu ya springi, akanyoosha mgongo. "Mgongo inasema sawa," alisema. Fundi akachukua spana akaifunga kabisa.

Siku ya kumleta Mama, mimi na mtoto tulitangulia kwa basi mpaka Busia ili niwapandishe. Shangazi alikuwepo, amevaa kama anakwenda kanisani. Mume wangu aliiweka pikipiki kwenye stendi, akasogea pembeni akatazama mbali. Nilimpandisha Mama, nikamshikisha chuma kwa mikono yote miwili. Alipapasa siti, akapapasa kiegemeo, akaitikia kwa kichwa akiridhika. Shangazi alileta kikapu chenye kuku, zawadi ya nyumba yangu, akakifunga kwa kamba kati ya tandiko na siti, nyuma kabisa ya mgongo wa mume wangu. Alikivuta kuona kama kimekaza.

"Hapo," alisema. "Sasa mwiteni."

Mume wangu alipanda kwa kupitisha mguu juu ya tangi, bila kugeuka. Pikipiki ikanguruma, kuku akapiga kelele, wakaondoka.

Mimi nilipanda basi lililofuata. Tulipokuwa tumeacha Busia nyuma, basi likaanza kuipita pikipiki moja iliyokuwa ikienda taratibu pembeni mwa barabara, ikikwepa mawimbi. Niliitambua leso kabla ya kumtambua mtu. Nilisogea dirishani. Mama alikuwa amekaa wima kama bibi harusi, vumbi limemjaa nyusi, mikono kwenye chuma. Na midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa anaongea. Mume wangu alikuwa amerudisha kichwa nyuma kidogo, upande, ili asikie, na kabla basi halijawapita kabisa nilimwona naye akijibu, kisha mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

Niligonga kioo. Hawakusikia.

Waliingia uani kwangu jua likiwa bado juu. Nilikimbia kumshusha Mama. Mume wangu alikuwa tayari amegeukia ukuta.

"Mwambie Mama tumefika," alisema.

"Mwambie mkwe nimeshukuru," Mama alisema.

Nilibaki nimesimama katikati yao, nikiwaangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

Mama alikaa nami zaidi ya wiki mbili. Mume wangu alihamia kwa bwana shamba mwenzake kwa heshima, akawa anakuja asubuhi kuuliza hali akiwa nje ya ua. Mama alipasuliwa jicho la kulia. Alipotoka hospitali na kitambaa usoni, nilimlaza kitandani pangu, na nyumba yangu ikajaa Kisamia. Alinituma maji. Aligomba kwamba napika ugali mwepesi. Aliniuliza Mwamba uko upande gani, nikamwelekeza uso wake huko, na siku kitambaa kilipoondolewa aliutazama muda mrefu kwa jicho moja, akasema ni jiwe kubwa, kisha akaomba aonyeshwe mtoto. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na hata nikiwa ndani yake nilikuwa nikiiogopa siku ya kuondoka.

Baada ya hapo alirudi mara nyingi kuangaliwa, kila mara kwa pikipiki, kila mara na kikapu kati yao. Kikapu kikikosa kuku kilibeba ndizi, au samaki, au hakikubeba kitu. Nami kila mara niliwauliza.

"Mnaongea nini njiani?"

"Habari ya barabara," mume wangu alisema.

"Mkwe anaendesha vizuri," Mama alisema.

Nilianza kuona wivu, na sikujua namwonea nani. Mimi niliyekuwa mdomo wao miaka yote, sasa walikuwa na maneno yasiyopita kwangu. Nafikiri nilielewa ilivyokuwa. Mila iliwakataza kutazamana, na pale juu ya siti zile hawakuwa wakitazamana. Mama alikuwa akiongea na mgongo, na mgongo ulikuwa ukimjibu. Mguu wa Mama ukigusa ardhi tu, mazungumzo yalikwisha.

Mama alifariki kabla miaka ile ya sitini haijaisha, kwa homa fupi, wakati wa masika. Tulifika Busia tukiwa tumelowa, mimi nimekaa kwenye siti yake, nimeshika chuma chake. Mume wangu alisimama mazishini mahali pa mkwe, pembeni, na watu walimwona akilia kwa namna isiyo kawaida ya mkwe. Shangazi alimwendea akampa leso yake ajifute.

Ni baada ya hapo ndipo mume wangu alipoanza kunipa maneno yao, kidogo kidogo, bila kuombwa. Tukiwa tunachambua maharagwe alisema, "Mama yako alisema wewe ukiwa mtoto ulikataa kutembea mpaka ukaona mbuzi anatembea." Siku nyingine, akifunga kamba za viatu, alisema Mama alimwuliza kama nalia usiku. Alijibu kwamba nilikuwa nikilia zamani, sasa kidogo. Mama akamwambia asinikataze, anipe tu maji ya kunawa uso.

Nikakumbuka vikombe vyote vya maji ambavyo mwanamume yule aliniletea gizani bila kuuliza kitu.

Sikuweza kumharakisha. Nilijaribu kumkalisha chini anieleze yote kwa mpangilio, akasema hayako kwa mpangilio, yanakuja yenyewe akiendesha. Kwa hiyo nilikuwa nikimwona akirudi kutoka Kirewa, anashuka, anapangusa vumbi, nami nangoja kuona kama leo kuna kitu. Mara nyingi hakukuwa na kitu.

Pikipiki tuliiuza watoto walipoongezeka, na aliyeinunua alisema anabadilisha siti. Mume wangu aliishi miaka mingi baadaye, na mpaka uzeeni maneno yale yalikuwa yakimtoka, moja kwa mwaka, pengine halitoki. La mwisho alilonipa lilikuwa mchana mmoja tukiwa tumeketi nje, wote tumezeeka. Alisema kwamba tulipokuwa tukiondoka kwa Mama kila mwisho wa mwezi, mimi nikiwa kwenye keria, nikijizuia nisitazame nyuma, Mama alikuwa akitoka mpaka barabarani baada ya sisi kupotea. Alisimama pale akisikiliza mlio wa pikipiki. Alijua mahali unapofifia na mahali unaporudi tena tukipanda kilima, na mahali unapokwisha. Ukikwisha alingoja kidogo zaidi, labda upepo utaurudisha. Ndipo akaingia ndani.

"Kwa nini hukuniambia siku zile?" nilimwuliza.

Alifikiri. "Wewe ungekataa kuondoka," alisema.

Ni kweli, ningekataa. Alifariki mwaka uliofuata, na najua hakuwa ameyamaliza maneno yale.